Maziwa Chini ya Kifuniko cha Oili

Siku ile fundi wa Kapkatet alifungua kifuniko cha oili akanionyesha maziwa, kitu cha kwanza kuingia kichwani mwangu hakikuwa gari. Alikuwa binti yangu. Gari nilinunua kutoka kwa mkwe wangu wa Mulot, baba ya yule kijana aliyemwoa binti yetu, na kama injini ilikuwa imekufa, basi ni yeye aliniuzia ikiwa imekufa, na mimi ningelazimika kumwambia. Ukishamwambia mkwe kwamba amekuuzia kitu kibovu, hayo maneno hayabaki kati yako na yeye. Yanaingia jikoni kwa msichana wako, yanaketi pale karibu na moto, na yanamngoja kila akija kupika.

Nitaeleza polepole. Shule niliacha nikiwa nimejua kusoma na kupima maziwa ya watu, na sikufundishwa kuandika jambo liende moja kwa moja. Likienda moja kwa moja naona kama kuna kitu nimesahau nyumbani.

Gari yenyewe ni ndogo, nyeupe, ya nyuma ndefu, ya kubeba watu mbele na magunia nyuma. Mkwe aliitumia miaka mingi kwa barabara ya Narok, akibeba mahindi na mara nyingine kondoo, na harufu ya kondoo mpaka leo haijatoka yote. Alipopata gari kubwa akaniambia, "Mkwe, hii ndogo ichukue wewe, mama aache kutembea na hiyo miguu." Miguu ya mke wangu ina baridi ya mifupa. Kwetu huku juu kwenye majani chai ukungu unalala na wewe na kuamka na wewe, na mtu wa miguu mibaya huona mwaka mzima kama ni Julai. Kwa hiyo tulichukua gari na tukashukuru sana.

Kazi niliyoipa gari ni ndogo. Asubuhi inapeleka maziwa mpaka kwenye mtambo wa kupoza, ng'ambo tu ya bonde. Mchana inapeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununua majani, ambacho kiko mbali kidogo kuliko ng'ombe anavyoweza kusikika. Jumapili kanisani. Na kwa sababu kwetu kila safari huanza kwa kuteremka, mimi hutoa gia nikaiachilia gari iteremke bure. Huku wengi tunafanya hivyo. Petroli ni ya kupanda kilima, kuteremka ni kazi ya Mungu. Mke wangu hufunga macho.

Sasa, Kapkatet nilienda kubadilisha oili tu. Fundi ni kijana mkubwa mwenye sauti nyembamba, asili yake ni upande wa Kisii, kazi yake nzuri. Alifungua bonneti, akazungusha kile kifuniko cha kumwagia oili, akakitazama, halafu akanyamaza. Fundi akinyamaza ni kama daktari akinyamaza.

"Mzee, kuja uone."

Nikaenda. Chini ya kifuniko kulikuwa kumeshika kitu cheupe chenye rangi kidogo ya njano, kizito, kama malai juu ya maziwa yaliyolala.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Wewe unaona nini?"

"Naona maziwa."

"Basi hata wewe ni fundi. Maji imeingia kwa oili."

Akanieleza vizuri, siwezi kusema alinificha. Alisema ndani ya injini kuna njia za oili na njia za maji, zinapita karibu karibu kama majirani wasioongea. Kati ya kichwa cha injini na mwili wake kuna kitu chembamba kinachowatenganisha, kinaitwa gasketi. Gasketi ikichomeka, majirani wanakutana, na wakikutana wanakuwa uji mweupe. Oili ikiwa uji haipaki tena vyuma mafuta, vyuma vinasagana, na injini imekwisha.

"Nani alikuuzia hii kitu, mzee?"

"Nilinunua huko chini," nikasema, nikatazama barabara.

Akavuta ule ufito wa kupima oili, akaupangusa, akaurudisha, akauvuta tena. Oili pale ilikuwa nyeusi ya kawaida, hakuna maziwa. Mimi nikafurahi. Yeye akatikisa kichwa. "Hapa bado. Itafika. Tufungue hiyo kichwa mapema."

Nikamwambia angoje kwanza. Akaniambia basi niangalie mambo mengine. Kama maji ya redieta yanapungua na hakuna mahali yanavuja, yanaingia ndani. Kama redieta ikifunguliwa asubuhi ikiwa baridi ina mafuta yanaelea juu, mambo ni mabaya. Kama injini ikinguruma maji yanatoa povu kama sufuria, mabaya zaidi. Na moshi mweupe wenye harufu tamu ni ile dawa ya kijani ya maji inachomeka.

Nilirudi nyumbani nikiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Mke wangu alikuwa anakausha kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet, ule mkaa unaoipa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, rangi ya jivu na harufu yake. Nikamweleza yote. Hakuinua kichwa.

"Usiguse mambo ya mkwe," akasema.

"Na injini?"

"Injini si mtoto wangu."

Hapo nikajua mpaka umewekwa, na mimi nimesimama juu yake.

Kesho yake nilianza kazi ya kuchunguza. Kuna kile kichupa cha plastiki kando ya redieta kinachoweka maji ya ziada. Nikachukua msumari nikakikwaruza mahali maji yalipofika. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari nilienda kuangalia, nikiinama pale na tochi maana ukungu ulikuwa mzito. Maji yalikuwa pale pale kwenye mkwaruzo. Nikafungua redieta, maji ya kijani safi, hakuna mafuta. Nikawasha, hakuna povu. Moshi mweupe ulikuwepo, lakini huku kwetu asubuhi hata mbuzi hutoa moshi mweupe. Nikapiga magoti nyuma ya gari kunusa kama moshi ni mtamu.

Mke wangu akasimama mlangoni na kikombe chake. "Sasa umeanza kunusa gari kama ng'ombe dume."

"Natafuta harufu tamu."

"Umechelewa, mzee. Ungetafuta tukiwa vijana."

Basi kila kitu kilisema gari ni nzima, isipokuwa kifuniko. Kifuniko nilikipangusa kwa kitambaa mpaka kikang'aa, nikaenda kupeleka maziwa, nikaenda na majani, nikarudi. Baada ya muda mfupi nikakifungua tena. Maziwa yamerudi. Nikapangusa, yakarudi. Nakuambia, nimekamua ng'ombe maisha yangu yote na sijawahi kuchukia maziwa kama hayo.

Pengine ningeendelea kunyamaza kama si siku ile kwenye kituo cha majani. Tulikuwa tunangoja lori, limechelewa kwa sababu ya matope, na watu wakingoja lori hakuna jambo wanaloacha. Jirani yangu mmoja, mzee wa rika langu, mtu ambaye tangu tukiwa wadogo hajawahi kuona kidonda akakosa kukigusa, akaniita kwa sauti juu ya magunia ya watu.

"Nasikia injini yako imezaa! Iko na maziwa!"

"Nani amekuambia?"

"Kapkatet yote inakunywa chai na hiyo maziwa. Si hiyo gari ni ya mkwe wako wa Mulot?"

Nikaanza kufunga upya gunia langu.

"Hapo ni sawa," akawaambia wengine. "Huyu alikula ng'ombe za mahari za watu wa Mulot. Sasa Mulot imekula injini yake. Wamelingana!"

Wamama wakacheka mpaka wakashikilia vikapu. Mimi pia nilicheka, ile ya meno tu. Lakini jioni ile sikula. Nilisema moyoni, huyu mzee amesema mbele ya watu kile ambacho mimi nimekificha. Maneno yatafika Mulot kabla yangu, yakiwa yameongezwa chumvi, na binti yangu atayasikia kwa mdomo wa mtu mwingine. Afadhali niyapeleke mwenyewe.

"Tutaenda Mulot," nikamwambia mke wangu.

"Kufanya nini?"

"Kusalimia."

Alinitazama. Huyo mama tumeishi pamoja muda mrefu, na uongo wangu anaujua kama anavyojua mlango wa zizi. "Sawa," akasema. "Nitakuja pia kusalimia. Na ukifungua mdomo juu ya gari kabla ya kunywa maziwa ya watu, utarudi Kapkatet kwa miguu."

Tulifunga majani ya chai na sukari, maana huendi kwa mkwe mkono mtupu, na tukaanza safari asubuhi. Sotik, kisha Bomet. Mimi nilikuwa nikitazama mshale wa joto kuliko barabara. Nilidhani gari itachemka, nilibeba hata madumu ya maji nyuma. Lakini mshale ulilala chini kabisa pale kwenye baridi, haukuinuka hata tukipanda. Nikajipa moyo: gari isiyochemka ni gari yenye adabu. Sikujua mshale ule ulikuwa unajaribu kuniambia kitu.

Mke wangu alikuwa amefunga miguu kwa shuka na ameweka chupa ya maji moto kati ya viatu. Tangu tuchukue gari alikuwa akilalamikia hita, ile ya kupuliza joto miguuni. Ukiiwasha inapuliza baridi. "Hii hita ya mkwe wako imeletwa kutoka juu ya milima ya Mau," alisema tena pale karibu na Longisa, kwenye ile hospitali ambapo binti yetu alimzaa mtoto wake wa kwanza. Nikamwambia ni miguu yake, si hita. Miezi yote hiyo nilikuwa namwambia ni miguu yake.

Kuteremka kuelekea Mulot ukungu uliisha. Jua likatoka, ngano pande zote, ng'ombe wembamba wakivuka barabara bila haraka. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi yangu. Nilikuwa nimeitengeneza vizuri: "Mkwe, mimi sina neno na wewe, lakini gari uliyonipa maji na oili zimekutana." Niliirudia kimya kimya, na kila nikiirudia lile "sina neno na wewe" lilizidi kuonekana uongo.

Tulipofika, mkwe alitoka na mikono miwili. Kwetu, mkwe hamsalimii mkwe kwa haraka. Chamgei, mising, yaani salamu na jibu lake, kisha watu wa nyumbani, ng'ombe, mvua, majani, mchungaji wa kanisa lenu amepona? Baadaye unaketi, na ukiketi unapewa maziwa, na mpaka kikombe kiishe hakuna mtu anaweka jambo mezani. Vijana wa siku hizi huona tunapoteza wakati. Mimi mwenyewe siku ile niliona tunapoteza wakati, maana sentensi ilikuwa imenijaa kinywani.

Binti yangu akaingia na kibuyu. Alikuwa amenenepa kidogo, ameng'aa, mtoto mgongoni. Akanimiminia mursik, akatabasamu, na nikaona katika lile tabasamu kwamba yuko nyumbani kwake. Hapo sentensi ikawa nzito zaidi. Nikanywa. Kinywa kikiwa kimejaa mursik hakina nafasi ya kitu kingine. Siyo hekima, ni mursik tu.

Mkwe akamgeukia mke wangu. "Na mama, safari ilikuwaje?"

"Safari nzuri," akasema. "Miguu tu ndiyo haijafika. Iliganda Bomet, labda itakuja jioni."

Watu wakacheka. Lakini mkwe aliacha kucheka katikati, akajipiga paji la uso.

"Wuui! Hiyo gari haina hita! Ai, mama, nisamehe. Ni mimi nilitoa thamostati!"

"Ulitoa nini?" nikauliza, nikaweka kikombe chini.

"Ile kitu inafungia maji ndani mpaka injini ipate moto, ndio iyafungulie yaende redieta. Hapa kwetu na jua, na mahindi nyuma, ilikuwa inachemka kilima ya kwenda Narok. Fundi akaitoa, akasema maji izunguke tu saa zote. Ikaacha kuchemka. Lakini sasa huko kwenu kwa baridi, hiyo injini inapata moto saa ngapi? Na hita inapata moto wapi? Nilisema nitakuambia siku ile unachukua gari, tukaingia kwa maneno ya watoto, nikasahau kabisa."

Sitasahau jinsi nilivyoketi pale. Kitu kilianza kunizunguka kichwani polepole, kama mtu anayetafuta mlango gizani. Binti yangu alikuwa ameleta sufuria ya viazi vilivyofunikwa, na alipoinua kifuniko, upande wa ndani ulikuwa umelowa, matone yanashuka. Nikakitazama kile kifuniko mpaka akaniuliza kama nataka viazi.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiye na haja, "Mkwe, ukiwa na gari, uliwahi kuona kitu cheupe chini ya kifuniko cha oili?"

"Cheupe? Hapana. Hapa kila kitu kinakauka, hata sisi."

Nikasema naenda kuchukua kofia yangu kwa gari. Nilifungua bonneti nikishika kwa shuka ya mke wangu, maana safari ndefu na jua vilikuwa vimeipa injini moto kidogo. Nikazungusha kifuniko. Asubuhi, nyumbani, kulikuwa na maziwa yamejaa pale. Sasa kulikuwa na ukoko mwembamba tu pembeni, mkavu, kama wa chungu kilichosahaulika. Katikati palikuwa oili safi. Kama maji yangekuwa yanaingia kutoka kwenye gasketi, safari ndefu kama hiyo ingeleta maziwa mengi zaidi. Lakini yamekauka. Kumbe lilikuwa jasho! Injini vuguvugu, ukungu wetu, safari fupi, na mimi ndani yake nikiteremka bila gia, isipate moto hata kidogo. Kifuniko kinatoka jasho kama cha viazi, jasho linashikana na oili, na kwa kuwa injini haipati moto wa kulifukuza, linabaki pale na kuwa maziwa.

Nikasimama pale jua likinipiga kichwani, bila kofia. Sikulia, lakini nilishikilia bonneti.

Mke wangu alikuwa amenifuata. "Umeshasema?" akanong'ona kwa ukali.

"Sina la kusema."

Akachungulia. Nikamweleza kwa maneno machache. Akatazama viatu vyake, kisha akasema, "Kwa hiyo haikuwa miguu yangu."

"Haikuwa miguu yako."

"Sema tena."

Nikasema tena.

Mkwe ile thamostati hakuwa ameitupa. Aliitoa kwenye mkebe wa misumari, akaipuliza, akanipa: kitu kidogo cha shaba chenye springi, ukubwa wa kikombe cha mtoto. Tulikula, tukaomba, tukarudi. Kuteremka kote nilikuwa kwenye gia.

Fundi wa Kapkatet alinisikiliza akikuna shingo. Hakubisha wala hakukubali. Akamwomba mama wa hoteli ya jirani sufuria ya maji, akaitumbukiza thamostati, wakaweka jikoni. Maji yalipokaribia kuchemka, ile kitu ikafungua mdomo polepole kama kifaranga. "Iko mzima," akasema. Akaifunga mahali pake, akabadilisha oili, akapangusa kifuniko. "Lakini mzee, sikuahidi. Endesha mpaka Sotik na urudi, isipate moto kidogo, ipate moto kabisa. Fanya hivyo kila wiki. Uache kuteremka bure. Halafu tuangalie."

Sasa mshale unapanda mpaka katikati na kukaa hapo. Mkwaruzo wa msumari bado uko, na maji bado yako kwenye mkwaruzo. Niliporudi kwa fundi, mvua kubwa ikiwa imenyesha juma lote, alifungua kifuniko, akakigeuza huku na huku, akapitisha kidole. Kidole kikatoka na oili tu.

"Mimi niliona maziwa nikafikiria ng'ombe," akasema, akacheka. "Gasketi iko sawa. Nenda nyumbani, mzee."

Yule jirani wa kituo cha majani sikumwambia kitu. Siku moja nilimpa lifti mvua ikinyesha, akakaa mbele, hita ikampuliza magotini mpaka akasinzia.

Na mkwe mwenyewe alikuja kututembelea baadaye, kuleta mahindi. Nilimchukua kutoka barabara kuu, mke wangu ameketi nyuma bila soksi, maana siku hizi huvua viatu akiingia kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Hatukuwa tumefika hata kanisani mkwe akaanza kufungua koti, kisha akashusha kioo.

"Mkwe," akasema, "hii gari yako ina joto sana."

"Ni yako," nikamwambia. "Ni wewe uliniuzia."

Nyuma nikasikia mke wangu amefunika mdomo kwa leso. Mkwe alitazama nje kwenye majani chai, akifurahia upepo, na hakujua kabisa ni sentensi gani niliyowahi kubeba mpaka nyumbani kwake na kurudi nayo.